Lori Limepungua, Mimi Nimeongezeka

Jumatano, 5 Machi

Nimeacha sigara tangu mwezi uliopita. Nalisema mwenyewe kwa sababu humu ndani hakuna anayelisema tena. Mtu akiacha kuvuta, siku ya kwanza familia inampigia makofi. Baada ya hapo inamtazama tumbo.

Leo suti imerudi kutoka kwa fundi. Haifungi! Fundi yule ni bure kabisa. Siku ya kunipima aliniambia nipumue. Nikamwambia apime tu, yeye si daktari. Ni kweli nilikuwa nimevuta tumbo ndani kidogo. Mwanaume gani mwenye heshima zake asiyevuta tumbo ndani akizungushiwa tepu? Fundi mwenye akili angejiongezea mwenyewe.

Harusi ya binti yangu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Wanaume wote wa upande wetu tumeshonewa kitambaa kimoja, kijivu. Binti ana pumu tangu utotoni, na alishatangaza: atakayemshika mkono kumwingiza ukumbini asinuke sigara, hata awe nani. Hata awe baba. Ndiyo maana nikaacha. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, naye akaacha siku ileile, eti ili awe mtu wa akiba. Nani alimwomba? Mimi humwita Sindano. Ni mwembamba, ana ncha, na hakuna mahali asipopenya.

Mke wangu alinivisha koti mwenyewe. Vifungo vikatazamana na matundu yao kwa mbali. Akasema picha ya harusi itakaa sebuleni mpaka tuzikwe, na yeye hayuko tayari kuwaonyesha wageni mume aliyebanwa kwa pini. Koti lisipofunga kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, Sindano ndiye atakayemwingiza binti yetu. Suti ya Sindano inafunga. Tunajua, maana alikuja nayo mwilini kula chakula cha mchana.

Koti litafunga. Haki ya Mungu litafunga.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umepatikana. Karanga!

Koo likidai sigara, nalipa karanga. Punje moja. Punje moja ya karanga itamfanya nini mtu mzima? Nilikwenda nazo kazini kwenye kopo. Kabla ya chai kopo likawa tupu. Nimegundua koo langu lilikuwa linadai sigara mara nyingi kuliko nilivyodhani. Maskini koo.

Kazi yangu ni kwenye mizani ya malori, kando ya barabara kuu. Lori linapanda jukwaani, namba zinatokea, mwenzangu wa zamu anachapa risiti. Mwenzangu huyo ni mwanamke, namwita Bi Risiti. Hata ukimsalimia hukutazama kama anangoja karatasi itoke.

Madereva ni wezi wa uzito, wote. Yupo anayeacha tairi la nyuma nje ya jukwaa kidogo. Yupo anayeshusha magunia kabla ya kona na kuyapakia tena mbele ya safari. Yupo anayekuja kuninong'oneza kwamba mama yake mgonjwa. Nawajua hila zao kama ninavyojua mfuko wangu. Mtu anayedanganya mizani ni mtu duni sana.

Bi Risiti aliuliza kwa nini meza imejaa maganda. Nikamwambia ni tiba. Akasema basi mgonjwa anaelekea kupona vizuri, hata mashavu yamejaa. Nikafagia maganda.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu amenipeleka zahanati. Kwa nguvu!

Muuguzi ni kabinti kadogo ambako nadhani bado kananunuliwa viatu na mama yake. Kakaniambia nisihangaike, wengi wakiacha sigara hunenepa kidogo. Eti mkono na mdomo vimezoea kazi, sasa vinatafuta kazi nyingine. Eti pua na ulimi vimeamka. Eti hamu ikinijia ninywe maji, nizunguke kidogo, nisubiri, itapita yenyewe. Nitafune karoti. Nitembee kila siku. Na nisithubutu kurudia sigara kwa sababu ya tumbo, maana kilo chache haziwezi kulinganishwa na madhara ya moshi.

Nikamweleza kwamba sikuja kwa ajili ya tumbo, nilikuja kwa ajili ya kosa la fundi. Akaandika kitu. Mke wangu akacheka na kukohoa pamoja.

Hata hivyo mimi si mtu wa kudharau ushauri. Nilinunua karoti. Karoti tupu hailiki, hata sungura angelalamika. Nikaikaanga kwa siagi, nikaitia sukari. Ikawa nzuri ajabu! Nikala na mkate ili isinikere tumboni. Sasa najua kwa nini watu wanazisifu karoti.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya aibu. Si yangu, ya kabati.

Mke wangu ameazima mizani ya bafuni kwa jirani, akaiweka chumbani, akatoka kuniitia mashahidi. Mashahidi walikuwa binti yangu na Sindano. Nikapata nafasi ya kutumia ujuzi wa kazini. Kisigino kimoja nje. Mkono mmoja kwenye mpini wa mlango wa kabati. Mwili nikauegemeza taratibu. Mshale ukashuka kwa adabu hadi sabini na tano! Nikawaita kwa sauti waje waone.

Walipoingia, mlango wa kabati ukafunguka. Nikaondoka nao. Nguo zote zikanifuata sakafuni, pamoja na suti.

Mke wangu aliuliza nafanya nini. Nikasema natafuta soksi. Akanisimamisha tena juu ya mizani, mikono kichwani, kama mhalifu. Themanini na tisa. Sindano akapiga mluzi. Binti yangu aliniinua uso kwa kidole, akasema kwa upole kwamba yeye hajali kilo, anajali pua yake tu. Akanusa shati langu, akatabasamu. Ningefurahi zaidi kama Sindano asingekuwa bado anapiga mluzi.

Mizani ya jirani ni mbovu. Vitu vya kuazima vyote ni vibovu.

Jumatatu, 10 Machi

Akili yangu wakati mwingine inanitisha mwenyewe.

Mizani yetu ya kazini haijui kilo moja moja. Ni ya malori, inahesabu kwa ishirini ishirini, na ikikwama katikati inachagua namba iliyo karibu zaidi. Basi kulipotulia, nikapanda jukwaani peke yangu. Namba ikatokea: themanini! Mashine ya serikali! Nikamwamuru Bi Risiti achape. Akauliza aandike gari gani. Nikasema gari hakuna. Mzigo? Hakuna. Aliutazama mzigo kwa muda, kisha akachapa na kugonga muhuri.

Niliibandika risiti kwenye mlango wa friji. Mke wangu aliisoma mara mbili. Akasema kumbe kuna mashine ya kweli hivyo na mimi nilikuwa nimeificha. Akasema Alhamisi tutakwenda wote, pamoja na kaka yake, tupimwe mchana kweupe. Nikasema karibuni sana. Namba ni themanini, itakwenda wapi?

Nilisherehekea kwa mkate na mayai.

Jumanne, 11 Machi

Leo limekuja lori la biskuti. Lilizidi uzito kwa alama moja, yaani kilo ishirini. Dereva akalia, akataja mama yake. Sikutikisika, sheria ni sheria. Tukashusha katoni tatu, lori likapita salama, katoni zikabaki kwenye kibanda changu mpaka dereva atakaporudi Ijumaa kuzichukua. Ndivyo tunavyofanya siku zote.

Katoni moja ilikuwa imechanika kwenye kona. Kama mlinzi wa mali ya watu, ilinibidi nikague kama biskuti zilizomo ni nzima. Nyingi zilikuwa nzima. Niliendelea kukagua hadi jioni.

Sindano alikuja nyumbani. Hanenepi hata kidogo! Mimi na yeye tumeacha sigara siku moja, mimi nimefura, yeye amebaki mkavu. Nimemchunguza. Anatafuna peremende za mnanaa mfululizo. Anajipulizia manukato mchana. Kila mara anatoka kwenda nyuma ya tangi la maji, eti kupiga simu, na hakuna aliyewahi kusikia akisema haloo. Mimi si mtoto. Mwanaume wa namna hiyo ana mwanamke, mambo yako wazi. Mapenzi ndiyo yanayomkausha.

Nilimsogelea nimnuse. Pua yangu imeamka kama muuguzi alivyosema, ila imeamka kwa upande wa mikate tu. Sikupata kitu zaidi ya mnanaa.

Nikaanza mpango wa pili: kumnenepesha. Nilimwekea biskuti mezani, nyingi, na maziwa. Akasema hana njaa, akatoka kwenda kupiga simu. Nilizila mimi ili zisiharibike.

Alhamisi, 13 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Walikuja mchana, mke wangu mbele, Sindano nyuma. Foleni ya malori ilikuwa ndefu. Nikapanda jukwaani kifua mbele. Namba zikachezacheza. Nikashusha pumzi. Zikatulia.

Mia moja.

Bi Risiti angeweza kuninong'oneza. Akashika kipaza sauti. Madereva wote wakapiga honi. Mmoja akatoa kichwa dirishani akataka kujua kwa nini mimi siamriwi nishushe kama wengine. Nilimweleza mke wangu kwamba mashine imeruka tu, pengine nimepita tisini kidogo sana, basi ikanirusha hadi mia. Akasema Jumatatu mashine hiyohiyo ilikuwa ya serikali.

Kisha akapanda Sindano. Sitini!

Najua hana sitini. Pengine ana sitini na tisa, mashine imemnyima. Lakini nani atanisikiliza? Mke wangu akashika mdomo, machozi yakamlenga. Eti kaka yake anakwisha, eti kuacha sigara kumemmaliza, eti anajitolea mno kwa ajili ya mtoto. Jioni alipewa nyama yangu. Yangu! Alikula vipande viwili, akasema ameshiba, akaenda nyuma ya tangi.

Niliketi nikatazama sahani yangu ya kabichi. Sijawahi kumchukia mtu kwa kiasi kile na kabichi imo mdomoni.

Ijumaa, 14 Machi

Dereva wa biskuti amerudi. Akanyanyua katoni ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu ikapanda juu haraka hadi akayumba. Akanitazama. Nikamwambia kibanda kina panya. Bi Risiti, bila kuulizwa, akasema ni kweli, panya mmoja mkubwa, mwenye kofia ya kazi.

Nilitaraji matusi. Dereva akacheka mpaka akaegemea tairi. Akasema Jumanne nilimzuia kwa kuzidisha uzito, sasa lori limepungua na mimi nimeongezeka, kwa hiyo barabara imebeba mzigo uleule. Aliposikia kesho namwoza binti yangu, akachomoa pakiti moja kutoka katoni nzima akanipa, zawadi ya harusi. Mtu mwenye adabu asingenidhihaki hivyo. Pakiti niliipokea.

Jioni nikaenda kwa fundi, mke wangu na Sindano nyuma yangu. Alikuwa amefumua kila mshono ulioweza kufumuliwa na kuvisogeza vifungo hadi ukingoni. Akasema kitambaa ndiyo mwisho wake hapo, zaidi ya hapo nimwombe Mungu. Mke wangu akanifunga. Kifungo cha kwanza. Cha pili. Nikavuta tumbo mpaka nikaona nyota. Cha tatu!

Limefunga! Mke wangu alinizunguka polepole. Akasema sawa, neno ni neno, nitamwingiza mimi. Ila nisiketi, nisiiname, na nipumue kwa zamu. Sindano alikuwepo. Uso ulimshuka, akatoka kwenda kumpigia simu mwanamke wake.

Jumamosi, 15 Machi

Nyumba imelala. Naandika mezani, nimebaki na shati.

Tulisimama mbele ya mlango wa ukumbi. Ndani muziki ulikuwa umeanza. Binti yangu akashuka garini. Alipendeza. Sina namna nyingine ya kulisema. Mkono wangu ukaanza kutafuta kitu. Zamani ungepata sigara. Leo ulipata pakiti ya dereva mfukoni. Biskuti moja tu! Ikaniponyoka, ikaanguka. Nikainama.

Mlio ule niliusikia mgongoni kabla ya masikioni. Kutoka kwenye kola hadi chini. Upande mmoja wa koti ukaenda kushoto, mwingine kulia.

 Mke wangu aliinua mkono tu, akamwita kaka yake. Sindano alikuwa karibu kuliko ilivyostahili. Akaja amefunga vifungo vyote, mnanaa mdomoni. Nikasogea kando. Nikauona mkono wa binti yangu ukipita kwenye mkono wake. Hapa siwezi kufanya mzaha. Mkono ule niliushika hospitalini alipokuwa mdogo, pumzi imembana, na nilimwambia sitauachia. Sasa nilikuwa nimeuachia kwa sababu ya biskuti. Iliniuma sana.

Hawakufika hata mlangoni. Binti akaanza kukohoa. Akasimama. Akakohoa tena, akarudi nyuma, akatoa dawa yake ya kuvuta kwenye kipochi cha bibi harusi akavuta. Kisha akasema mjomba ananuka sigara. Sindano akaapa. Akasema ni moshi wa magari. Binti akasema pua inaweza kudanganywa kwa peremende, kifua hakidanganyiki.

Kumbe! Nyuma ya tangi! Nami wiki nzima nimemtafutia mwanamke, kumbe mwenzangu ana pakiti!

Mke wangu alimtazama kaka yake wa kilo sitini kwa jicho ambalo nalijua vizuri, na kwa mara ya kwanza halikunielekea mimi. Sindano akasema hewa ya pale ni nzito, akaenda kusimama kwa wapiga picha.

Binti yangu akaniuliza kama lile koti langu la kazi liko kwenye gari. Nilisema lipo, lakini ni la kazi. Akasema nilichukue. Ni la njano, lina mistari inayong'aa, na mgongoni limeandikwa MIZANI, PUNGUZA MWENDO. Mke wangu akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikalivaa. Lilinitosha, tena nafasi ikabaki. Binti akaweka uso kwenye kola, akavuta pumzi ndefu, mpaka mwisho, bila kukohoa. Akasema linanuka karanga. Akacheka, akanishika mkono.

Tukaingia. Ukumbi mzima ulitusoma mgongoni na kupiga makofi. Tulitembea polepole kama ilivyoandikwa. Nililia njia nzima. Naweza kuliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumapili, 16 Machi

Nimelala vizuri na nimefikiri vizuri. Nikiangalia nyuma, mpango wangu ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Bila karanga nisingenukia karanga. Bila biskuti koti lisingechanika, na bila koti kuchanika Sindano asingefichuka. Mtu asiyeona ustadi hapo ana chuki binafsi.

Mke wangu anasema ilikuwa bahati na mapenzi ya mtoto. Wanawake hawaelewi mambo ya mipango.

Keki imebaki nyingi. Ni ya harusi, kuitupa ni mkosi.

Jumatatu, 24 Machi

Picha zimefika. Kubwa ya sebuleni ndiyo hii: bibi harusi mweupe kama wingu, bwana harusi, mke wangu mwenye uso wa kesi, na mimi mwenye kung'aa. Kila taa iliyopigwa ilirudi kwenye mistari ya koti, kwa hiyo nimekuwa mwanga wenye kichwa. Sindano hayupo. Amekwenda tena kupiga simu, safari hii bila kuficha.

Binti yangu amekuja na mumewe, akaniletea kitambaa kipya, kijivu kilekile. Anataka tupige picha nyingine, mimi na yeye tu, nikiwa ndani ya suti inayofunga. Amesema nikae kama nilivyo, tumbo na yote, maana tumbo hilo ndilo linalomwezesha kupumua akinikumbatia. Akaniomba kitu kimoja: nisimdanganye fundi. Nikamwahidi. 

Kazini leo limezuiwa lori la jemu. Limezidi alama moja. Katoni ziko kibandani kwangu, na moja ina kona ambayo siiamini.

Nilipotoka nikapitia kwa fundi, kama nilivyoahidi. Nikasimama wima. Alipoizungusha tepu, akanitazama usoni, akaniambia nipumue.

Nikamwambia nimeshapumua nyumbani.